Kabla ya kuandika "Murano", geuza chombo utazame kitako

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya kuuza vyombo vya kioo vilivyopulizwa kwa mkono yamejaa neno "Murano", jina la kisiwa cha Italia chenye sifa ya kazi za kioo, hata pale ambapo chombo hakina chapa, sahihi wala kibandiko. Mara nyingi kigezo pekee ni rangi, na rangi haimtaji fundi. Karakana nyingi ndogo hazijipikii rangi zake; hununua vijiti na unga wa rangi kwa watengenezaji wachache wanaouza dunia nzima, kama Kugler na Reichenbach wa Ujerumani. Wekundu uleule waweza kutoka Italia, Marekani au Uingereza.

Ushahidi uko kwenye kitako. Fundi anapofungua mdomo wa chombo, kitako huwa kimeshikwa na fimbo ya chuma, na fimbo ikivunjwa huacha kovu. Tazama kama kovu limeachwa na makali yake, limesagwa na kung'arishwa, au limegandamizwa muhuri. Kwa mfano, fundi wa kioo Michael Harris alianzisha karakana ya Mdina Glass huko Malta mwaka 1968, akaondoka 1972, na mwaka 1973 akafungua karakana nyingine kisiwani Isle of Wight, Uingereza. Mkono ni uleule na buluu ya bahari ni ileile, ndiyo maana kazi zisizo na sahihi za karakana hizo mbili huchanganywa. Lakini vyombo vingi vya Isle of Wight vya miaka ya 1970 vina alama ya mwali wa moto iliyogandamizwa kwenye kovu. Ukipiga picha ubavuni tu, alama hiyo huioni.

Usikimbilie maji ya moto na sabuni, maana mabaki ya kibandiko yataondoka. Kwanza hemea kitako: mhuri hafifu wa asidi, kama ule wa Venini, kampuni ya Murano, huweza kujitokeza kwenye ukungu wa pumzi. Sahihi iliyochongwa itazame kwa lenzi inayokuza mara kumi. Kwenye sahihi ya zamani, mikwaruzo ya meza hupita juu ya herufi. Herufi zikikata mikwaruzo, tena zina unga mweupe, shuku kwamba zimeongezwa baadaye. Vilevile, uchakavu wa kweli huwa kwenye duara linalogusa meza na huelekea kila upande; ule wa msasa hulala upande mmoja na huingia hata mahali ambapo meza haifiki.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha uzito, na mizani ya jikoni yatosha. Pima chombo kikiwa kikavu, tuseme gramu 620. Weka bakuli la maji kwenye mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha zamisha chombo chote kikiwa kimening'inizwa kwa uzi imara, kisiguse chini wala pembeni. Mizani ikisoma 248, gawanya 620 kwa 248: unapata 2.5, yaani kioo cha kawaida cha soda na chokaa. Karibu na 2.2 ni kioo cha kuhimili moto; 2.9 na kuendelea, kwa kawaida kina madini ya risasi. Kioo cha Murano kwa jadi ni cha soda, hivyo "Murano" yenye 3.1 ina maswali ya kujibu. Jibu huharibika hewa ikinaswa shingoni, kwa hiyo kiinamishe chombo majini mpaka viputo viishe. Chombo chenye viputo vingi ndani ya kioo chenyewe kitasoma chini kidogo.

Tochi ya kukagulia noti bandia nayo husaidia, ila kwa kiasi. Kioo kikiwaka kijani kikali chini ya mwanga wake, huonyesha urani; kijani hafifu huweza kuwa manganizi. Hicho ni kiungo, si jina la fundi.

Nawaomba wauzaji waweke kwenye tangazo picha ya kitako, kimo, uzito na namba hiyo ya mgawanyo, na pasipo uthibitisho waandike "inafanana na kazi ya". Na kwa mafundi wetu wanaopuliza kioo kilichorejelezwa, Kitengela hadi Arusha: kibandiko hutoka siku ya kwanza ya kuoshwa. Chongeni jina na mwaka kwa kalamu ya almasi, ndani ya duara la kitako, mahali pasipogusa meza.

Msomaji wenu,
Nairobi