Klematisi Isiyohitaji Ukuta

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako kama klematisi, ule mmea wa maua utambaao, yaweza kupandwa mahali pasipo ukuta wala uzio nimelipokea kwa furaha kubwa. Jibu ni ndiyo. Wengi huujua mmea huu kwa kutambaa kwake, kwa kuwa vikonyo vya majani hujizungushia chochote vinachokigusa. Lakini zipo aina chache ambazo vikonyo vyake havishiki kitu, na mashina huinuka yenyewe yakafanya kichaka.

Niipendayo kuliko zote ni Clematis integrifolia, ambayo hufikia kati ya sentimita 60 na 90. Ua lake huinama kama kengele ndogo. Ukiliinua kwa ncha ya kidole utaona kwamba halina petali hata moja: vile vipande vinne vya rangi ya buluu ya zambarau, vilivyojipinda nchani, ni sepali, yaani vijani vinavyolifunika ua likiwa bado tumba, na ndani yake stameni, vile vijiti vyenye chavua, zimebanana. Maua yakipukutika, kila mbegu hubaki na mkia wa manyoya laini unaong'aa juani, nami sikati vichwa hivyo mapema. Clematis recta ni ndefu zaidi, yenye maua madogo meupe mengi, ilhali Clematis heracleifolia huchanua kiangazi kikiwa kinaelekea kwisha.

Usidanganyike na neno kichaka, kwani mashina hayo ni membamba. Mwaka wa kwanza nilichelewa kuyaegemeza, mvua moja nzito ikayalaza yote matopeni, na niliposhika kuyainua mawili yakavunjika mikononi mwangu. Siku hizi huchomeka vijiti vyenye matawi kuuzunguka mmea pindi machipukizi yanapofikia urefu wa shibiri, ili majani yavifunike yanapokua.

Kwa kuwa maua hutoka kwenye mashina ya mwaka huohuo, mwishoni mwa majira ya baridi hupogoa aina mbili za kwanza karibu na ardhi. Heracleifolia, ambayo kitako chake ni cha mti, huikata juu kidogo ya macho, yaani vitumba vya machipukizi, yaliyo hai. Vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi. Kisha weka mboji, bila kuigusisha na mashina.

Machipuko yajayo nitaligawa shina langu kubwa, nami nitakuwekea kipande chenye mizizi na macho ya kutosha. Andaa shimo mahali penye jua, pasipotuama maji.

Wako akupendaye.