Risala ya Wanachama wa Kikundi cha Kujifunza Programu kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu mlezi wa kikundi, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla yetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako mwenyewe, badala ya kutuma mwakilishi kama tulivyozoea, kumetupa faraja kubwa.

Kikundi hiki kilianzishwa na wanafunzi waliotaka kujifunza kuandika programu ilhali hawana kompyuta zao. Tunatumia seva moja, yaani kompyuta kuu inayohudumia skrini zote. Kila mwanachama ana akaunti na nywila yake, anakaa kwenye skrini iliyo wazi, na kazi za wote zinakwenda kwa pamoja ndani ya mashine hiyo hiyo.

Mafanikio ni makubwa. Wanachama wameandika programu ya kukokotoa wastani wa alama, ya kupanga majina kwa alfabeti, na mchezo wa kubahatisha namba uliowavutia hata waliokuwa na mashaka nasi. Nidhamu yetu ya kutunza nywila ni ya kupigiwa mfano.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na hayo tunalo tatizo moja, nalo ndilo tunaloomba uondoke nalo leo: hatuna miongozo iliyochapishwa kwa ajili ya wanaoanza.

Mwongozo uliopo umo ndani ya kompyuta yenyewe. Ili kuusoma ni lazima ujue kuingia kwenye mfumo na ujue amri ya kuufungua, na asiyejua hayo ndiye anayeuhitaji. Ukifunguka unajaza skrini nzima, na programu uliyokuwa ukiiandika huioni tena. Isitoshe, unamsemesha mtu aliyekwisha kuzoea: unataja kila amri na vikorombwezo vyake, ila haumwambii mgeni aanzie wapi.

Mwanachama mmoja mpya aliandika kitanzi, yaani amri zinazojirudia, akasahau kuongeza kihesabio, ile namba inayohesabu mizunguko ili ifike mwisho. Programu ikazunguka bila kikomo, na wenzake wote wakawa wanabonyeza herufi na kuzisubiri zitokee. Yeye akazima skrini akidhani amezima programu, akaenda zake. Kumbe huko kwenye seva bado inakimbia. Dawa yake ilikuwa kubonyeza Ctrl na C kwa pamoja, maelezo ya mstari mmoja tu kwenye karatasi. Mwingine alifuta faili kwa amri ya rm, akaja kuuliza pipa la taka liko wapi. Amri hiyo haina pipa, na kazi yake ilipotea.

Hata wakongwe waliliona hili. Mwaka 1964, Chuo cha Dartmouth nchini Marekani kilipowafungulia wanafunzi kompyuta ya pamoja na lugha ya kuandikia programu ya BASIC, iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz, mwongozo wake ulitolewa mwaka huo huo. Waliotengeneza Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nao walitoa mwongozo wao wa kwanza Novemba 1971. Ikiwa wenye mifumo walihitaji karatasi, sisi tunaoanza tutaikwepaje?

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa hafla iliyopita alituambia tulichukulie kuwa limekwisha, tukampigia makofi mengi. Aliyemtangulia alitaka makadirio. Tuliyaandika, tukayapeleka, na mpaka leo tunajibiwa kuwa yanafanyiwa kazi. Tunaziheshimu kauli za viongozi wetu, ndiyo maana zote zimo kwenye kumbukumbu za kikundi pamoja na tarehe zake.

Hatuombi kompyuta. Tunaomba nakala moja kwa kila skrini, na nyingine za kuazima, ili mtu ambaye muda wake kwenye mashine umekwisha aendelee kufuatilia programu yake kwa kalamu. Zifungwe kwa pete, zilale wazi mezani bila kushikiliwa. Rasimu tumeiandika wenyewe na walimu wameipitia: kuingia na kutoka, kubadili nywila, kuhifadhi faili, kusimamisha programu iliyogoma, na kusoma ujumbe wa kosa, ambao mara nyingi hutaja namba ya mstari wenye hitilafu lakini wanaoanza huufuta kwa hofu. Kilichobaki ni uchapaji tu.

Rasimu hiyo tutakukabidhi sasa hivi. Kwa unyenyekevu tunaomba kwamba, utakaposimama kutujibu, ututajie tarehe na ofisi ya kufuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama