Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi kwa Mgeni Rasmi: Kumbukumbu ya Kapteni Theodore Wright

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Huenda ulitarajia tumuenzi mhandisi aliyejenga kitu kikubwa. Tumemchagua mtu ambaye daraja lake mashuhuri zaidi lilimshinda.

Theodore Wright alizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1883, akawa kapteni wa wahandisi wa jeshi, Royal Engineers. Tarehe 23 Agosti 1914 Wajerumani waliwasukuma Waingereza kutoka kwenye mfereji wa Mons, Ubelgiji, na madaraja yalipaswa kulipuliwa kabla adui hajavuka. Wright alikwenda kuunganisha waya wa kulipulia huku risasi zikimiminika. Mheshimiwa, kazi hiyo haifanyiki mafichoni wala kwa pupa: mikono yote miwili iko kwenye nyaya, na bunduki umeiweka kando. Akajeruhiwa kichwani. Akarudi tena. Waya haukuungana, na daraja likabaki limesimama.

Majuma matatu baadaye, 14 Septemba, alikuwa Vailly, Ufaransa, kwenye mto Aisne. Safari hii kazi ilikuwa ya kuvusha watu. Brigedi ya 5 ya wapanda farasi ilipita juu ya daraja la maboya, yaani vyombo vilivyopangwa majini na kutandikwa mbao. Farasi mmoja akishtuka katikati, msafara mzima umekwama. Wright alisaidia kuwavusha, kisha akawa anawasogeza majeruhi mahali penye kinga. Hapo ndipo alipopigwa jeraha lililomuua, akiwa na miaka 31. Kaburi lake liko hukohuko Vailly.

Novemba mwaka huohuo alitangazwa kutunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani kwa Waingereza. Tangazo linasema alijaribu. Halisemi kwamba alifanikiwa. Sisi tunaopimwa kwa majibu sahihi tu, hilo limetugusa sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna ombi moja. Madaraja ya maboya tunayasoma kwa michoro, hatujawahi kufunga hata moja majini. Tunaomba utusaidie kupata mashua chache kuukuu, mbao, kamba na majaketi ya kuokolea. Walimu wako tayari kusimamia. Farasi hatuombi.

Tunaomba kuwasilisha.