Shangazi kaisoma

Uyole, Jumapili usiku

Atu wangu,

Ugonile fijo. Za Mtwara, za joto, shemeji hajambo, mtoto ameshaanza kutambaa au bado anaburuza makalio kama mjomba wake? Sisi wazima. Baridi tu, leo ukungu haujafunguka kutwa nzima, nakuandikia nimejifunga blanketi kiunoni na soksi mbilimbili, mama yuko hapa pembeni anachambua maharage na kila baada ya dakika tano ananiuliza naandika nini.

Najua umenuna. Voisi noti yako ya tangu mwezi wa nne niliisikiliza siku ileile, nikacheka, nikasema nitajibu kesho, na kesho yenyewe ndo hii. Nisamehe bure. Uliuliza swali jepesi tu, kwamba unaona naandika andika kwenye blogu yangu na wewe unataka kuanzisha ya kwako, je inalipa? Nitakujibu, haki ya Mungu, ila ngoja kwanza nikwambie yaliyonikuta maana ndo yananinyima usingizi, na mwisho wake nina shida na wewe.

Shangazi kaisoma blogu.

Ndiyo, Shangazi wa Kyimo, huyohuyo. Si unajua simu yake ni ile ya tochi, mie nilikuwa naandika kwa raha zangu nikijua upande ule niko salama, kumbe yule mtoto wa Baba Mdogo aliyemaliza chuo akarudi nyumbani kukaa bure kaenda steshenari Tukuyu mjini akaprinti kurasa saba, mia mbili mbili, akampelekea. Eti Shangazi, dada kaandika habari za Mzee. Jumamosi ya juzi nikaitwa. Nikapanda kosta ya Tukuyu nikijua naenda kufuata ndizi, hata mfuko nimebeba. Nafika, chai hamna. Kaketi kibarazani na miwani yake, karatasi ziko mapajani, na Atu nakuapia, amezisahihisha kwa kalamu nyekundu! Ualimu hauna kustaafu. Kuna mahali niliandika "nyumba zingine" kapiga duara, pembeni kaandika "nyingine". Halafu ukurasa wa nne kauchora mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, na chini kabisa neno moja kwa herufi kubwa, AIBU.

Ukurasa wa nne ni ule wa mama wa ulanzi.

Wewe kwenye msiba wa baba 2009 ulikuwepo ila uliondoka kabla hatujaanua matanga, kwa hiyo hiki kipande hukukiona. Unakumbuka siku ya mazishi msemaji wa familia alisimama akatangaza, anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu aje aonane na wanafamilia. Watu huwa wanasikiliza tu, basi, nani atakuja. Sasa siku ya matanga kaja mama mmoja kutoka Makambako, kashuka kwenye basi na kapu la viazi na daftari la hesabu, yale ya vijiraba, akaomba kuongea. Akalifungua. Baba alikuwa anakunywa ulanzi kilabuni kwake kila akipita na Scania, msimu kwa msimu, na kila tarehe imeandikwa, lita mbili, lita tatu, "na utingo", "na vijana wawili wa gereji", "na yule polisi". Jumla 38,400. Pale wamekaa wazee wa kanisa na mchungaji. Shangazi akafungua pindo la khanga, akahesabu ile hela mbele za watu bila neno, yule mama akachana kurasa zile akampa, na tangu siku hiyo mpaka leo hakuna aliyelitaja lile jambo. Mimi ndo nimelitaja.

Niliandika kwa mapenzi, unanijua. Niliandika kwamba ukiondoa leseni ya udereva na cheti cha kifo, lile daftari ndo maandishi pekee niliyowahi kuona yanayomhusu baba yangu, na kwamba karibu kila mstari alikuwa anamnywesha mtu mwingine. Nilidhani ni sifa. Shangazi hakuona sifa. Akaniambia, "We mtoto, lile deni mimi nililipa ili liishe. Wewe umelifufua, tena umelitangazia dunia." Nikamwambia Shangazi, dunia yenyewe ni watu kumi na moja. Hakucheka.

Na hapo kwenye kumi na moja ndo nakujibu swali lako, sikutania. Siku za kawaida wanaoingia ni kumi, kumi na tano ikinoga, na humo nimo mimi na simu ya mama. Kuna usiku nikaona wasomaji 300 kutoka Marekani, nikamwamsha mama, tukashangilia, kumbe maroboti yanapita tu kama upepo. Yale mambo ya enzi zetu, unakumbuka tulivyokuwa tunalipia nusu saa kwenye intaneti kafe tukasome blogu ya Michuzi, wewe unatafuta picha za harusi mimi naangalia watu wangapi wametoa maoni, nikawa nadhani mtu ukianzisha tu watu wanajaa. Hawajai. Halafu unakumbuka 2018, zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, maombi laki moja, leseni milioni, na kila mwaka milioni nyingine? Mie mwenye blogu ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na habari za mvua! Nikaifunga nikaiweka uvunguni, nikarudi 2022 mambo yalipolegezwa, na wale wachache niliokuwa nao walishasahau njia.

Matangazo nayo niliweka. Sikia sasa. Google ukifikisha dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa barua, barua ya karatasi, ya posta, waone kama anwani yako ni ya kweli. Mie anwani ya kwangu iko wapi? Nikatumia sanduku la posta la shule moja anayofundisha shemeji, mume wa dada. Dola 10 zenyewe zilinichukua karibu miaka miwili. Barua ikaja, karani pale akaiona ina jina la mtu asiyemjua na inatoka nje ya nchi, akasema huu utapeli, akaitupa. Na wenyewe wanakupa miezi minne tu, usipoingiza ile namba matangazo wanayazima. Nikaomba nyingine, nikawa kila Ijumaa nampigia shemeji mpaka dada akaanza kuniuliza kuna nini. Ilipofika nilikimbia nayo kama cheti cha ndoa. Sasa hivi nina dola 17 na senti, na wao hawakulipi mpaka ufikishe 100. Piga hesabu mwenyewe. Bando ninalochoma kwa mwezi mmoja linazidi hizo, na jina la dot komu nalipia kila mwaka kwa hela ya kuku wa mama (hajui, anadhani waliliwa na kicheche).

Na kuibiwa. Ile makala ya mbalaga, ukurasa mmoja wa Facebook uliibeba yote, picha yangu, sufuria yangu ileile iliyobonyea, jina langu tu ndo likadondoka njiani. Ikazunguka ikarudi kwenye grupu la ukoo, "kama ilivyopokelewa", na Mama Mdogo akaandika chini yake, huyu dada anajua kupika, sio hawa akina Subi. Subi mwenyewe nilikaa kimya. Ningesema nini?

Kwa hiyo jibu ni hapana, hailipi, ila usikate tamaa bado, kuna kitu sijakwambia na ndicho kinachonichanganya kuliko Shangazi.

Ile ya baba niliiweka mwezi wa pili. Wiki ya tatu hivi nikakuta komenti, ndefu, imeandikwa bila nukta hata moja. Ni mtu mzima, yuko Songea. Anasema mwaka 1996, mwezi wa sita, alikuwa anatoka shule anarudi kwao likizo, basi likawafia Makambako, hela imeisha, kakaa barabarani tangu asubuhi. Jioni ikasimama Scania yenye kitambaa chekundu kwenye saiti mira, dereva akamwambia panda kijana. Njombe wakashuka wakala, dereva akalipa, na kwa kuwa alikuwa na shati la shule tu na Njombe ya mwezi wa sita unaijua, asubuhi majani meupe kwa sakitu, yule dereva akavua koti akampa. Wakafika Songea usiku, akasema baki nalo, nitapita. Hakumwona tena. Koti la kaki, anasema, lina vifungo vya kahawia na kimoja cha kijani.

Atu, kifungo cha kijani sikukiandika. Kitambaa chekundu nilikiandika, kingekuwa hicho tu ningesema huyu kasoma kajitungia. Lakini kifungo cha kijani nilikuwa sikijui hata mimi! Nikamsomea mama, nilipofika hapo akaacha kupepeta akasema, "Kile nilikitoa kwenye sweta langu."

Basi ndo nikaambiwa. Lile koti lilikuwa ugomvi nyumba hii miaka. Baba alirudi safari bila koti akasema ameibiwa Makambako, mama akaamini nusu. Shangazi yeye hakuamini hata kidogo, alisema kaka yangu kaliweka rehani kwa ulanzi, au kuna mwanamke kalivaa, na akamwambia mama hivyo, na mama akalibeba neno hilo moyoni. Ndo maana lile daftari lilipokuja mwaka ule likamuuma Shangazi vile, aliona limethibitisha. Mama hata siku ile kwenye matanga, ananiambia, alikuwa anasikiliza kama koti litasomwa.

Kwanini alidanganya sijui. Labda aliona kusema nimempa mtoto wa watu koti ulilonishonea ni kesi kubwa kuliko kusema nimeibiwa. Ungemjua baba ungesema ndo yeye kabisa, mtu wa kununulia kilabu kizima halafu nyumbani anaficha risiti ya mafuta ya taa.

Sasa uone nilivyobanwa. Yule binamu kaprinti maandishi yangu tu, komenti hakuziprinti, alikuwa anabana mia mbili. Shangazi hana habari ya koti. Na anataka niifute yote kabla ya Desemba maana kuna harusi ya binti yake na wakwe wanatoka Iringa, watu wa heshima zao, hataki waje wakiwa wamesoma. Nikiifuta, na komenti ya yule mtu inakwenda nayo. Naweza kuificha tu bila kufuta, najua, lakini yule mtu aliuliza kaburi liko wapi, alisema akipita Mbeya angependa kufika, na nimemjibu pale pale chini, akirudi akute pamefungwa?

Na upande mwingine Shangazi ana haki, hiyo ndo inaniuma. Deni alilipa yeye. Aibu aliibeba yeye, mimi nilikuwa binti wa kumwaga machozi tu na kugawa chai. Nimechukua kitu chake nikakiandika vizuri nikapata sifa kwa watu kumi na moja. Sikumuuliza. Mama nilimuuliza, kaka nilimuuliza, yeye nikasema ana simu ya tochi. Nimekaa na hiyo wiki mbili hizi sijaandika kitu kingine, kila nikifungua simu naona ule mstari mwekundu.

Nilijaribu kumweleza habari ya koti palepale kibarazani, nikaanza, "Shangazi, kuna mtu wa Songea..." akaninyooshea mkono, sitaki watu wa Songea, nimechoka na watu wa mtandao. Ikaishia hapo. Ndizi nilipewa lakini, mkungu mzima, akaubeba mwenyewe mpaka barabarani, akanilipia na nauli. Ndo alivyo, unamjua.

Kwa hiyo shida yangu ni hii. Wewe anakusikiliza. Tangu ulivyomlaza kwako miezi miwili ile ya macho, wewe ni mwanae, mimi ni mtoto wa kaka yake tu. Umpigie. Usitaje blogu. Umwambie tu habari ya koti, kifungo cha kijani, umsikilize atasema nini, basi. Akisema futa baada ya hapo, nafuta usiku huohuo, sitanung'unika. Utaweza? Au unaona nimwachie tu, nifute na nikae kimya? Hivi wewe ungekuwa ndo yeye ungetaka kuambiwa miaka yote hii ulikuwa unamsingizia kaka yako, au ndo namwongezea mzigo mwingine? Na yule mtu wa Songea nimwambie aje, au nisubiri harusi ipite? Maana akija akakutana na Shangazi kaburini kabla hajaambiwa, sijui.

Ya kwako anzisha. Blogspot ni bure, jina la kulipia usinunue mpaka uone mwaka umepita bado unaandika. Utaandika nini lakini, mbona hukusema? Usiniambie ni ya mama mkwe. Na Desemba mnakuja au mnatudanganya tena? Mkija kwa kuzungukia Dar, mlima wa Kitonga mpite mchana, usiku usithubutu, na niletee korosho, zile za kubangua mwenyewe.

Naishia hapa chaji iko asilimia sita na umeme umekatika tangu saa moja. Mama kamaliza maharage, anakusalimia, anasema mlete mtoto amwone. Halafu ananiuliza tena, hii ni mara ya nne wiki hii, kama yule mtu alisema koti lilimtosha.

Wako,
Subi