Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Jiji: Wakaguzi Wako Wanaweza Kuonyeshwa Magari Hewa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: Ukaguzi wa teksi mtandao

Mkaguzi wako anapoita gari kwa simu ya ofisi, usiamini kwamba anaona kile anachokiona abiria aliyesimama kando yake. Desemba 2014 Uber iliingia Portland, Marekani, bila idhini ya jiji. Wakaguzi walipoita teksi, programu iliwaonyesha magari hewa au ikawaambia hakuna gari. Baadaye jiji lilibaini kuwa akaunti 17 zilikuwa zimewekewa alama ya kukwepwa, na maombi yasiyopungua 29 yakakataliwa. Mfumo huo, Greyball, ulikuja kufichuliwa na gazeti la New York Times Machi 2017.

Wakaguzi walitambuliwaje? Kampuni ilizungushia mpaka ofisi za serikali kwenye ramani, ikatazama nani anafungua na kufunga programu mara kwa mara ndani yake. Ikaangalia kama kadi ya malipo inahusiana na chama cha akiba na mikopo cha polisi. Na kwa kuwa maofisa hununua simu za bei rahisi ili wafungue akaunti nyingi, wafanyakazi wake walikwenda madukani kunakili namba za utambulisho wa vifaa vya aina hiyo. Hakuna udukuzi hapo. Ni wakaguzi waliojianika bila kujua.

Kwa hiyo simu zisinunuliwe kwa mkupuo, na akaunti zisifunguliwe ofisini wala kwa intaneti ya ofisi. Kila akaunti itumike kwa safari za kawaida kwa wiki kadhaa kwanza. Kisha pima kwa jozi: wakaguzi wawili mahali pamoja, mmoja na akaunti ambayo kampuni inajua ni ya mkaguzi, mwingine na akaunti safi isiyojulikana, kila mmoja akipiga picha ya kioo cha simu yenye saa. Wapokezane kuita kwanza, kwa sababu aliyetangulia anaweza kulichukua gari pekee lililokuwa karibu, na tofauti ya mara moja haithibitishi kitu. Rudieni siku na saa tofauti.

Msitegemee kuvamia ofisi. Montreal, Mei 2015, maofisa wa kodi wa Quebec walipoingia ofisi ya Uber, makao makuu ya San Francisco yalifunga kompyuta zote kutoka mbali.

Kinachobana kweli ni sharti la leseni, na hapa ndipo tunakusihi usilegeze. Kampuni ilete kila mwezi kumbukumbu ghafi za maombi yote, hata yaliyokataliwa, pamoja na sababu ya kukataliwa na alama yoyote iliyo kwenye akaunti. Wakaguzi nao waandike kila ombi lao: saa, dakika, mahali. Linganisheni mistari hiyo na faili la kampuni. Ombi lililotoka kwenye simu yenu lakini halimo kwenye faili lao ni ushahidi tosha wa kuwaita wajieleze.

Wako,
Wahandisi wa mifumo ya kuita usafiri