Bibi akiungua, anza na saa

Kisauni, Mombasa

Dada Mwanaisha,

Salaam nyingi. Umeniuliza mzee aliyeungua vibaya aanziwe wapi, hasa kwenu Likoni ambako huenda ikabidi avushwe feri.

Ngozi ya uzeeni ni nyembamba kama manda ya sambusa. Chai inayomtoa kijana malengelenge, kwa bibi wa miaka 75 hupenya hadi chini. Usidanganywe na siku ya kwanza: wekundu wa leo, kesho kutwa waweza kuwa weupe usio na hisia.

Mmwagieni maji ya bomba dakika 20, palipoungua tu. Kwingine mfunikeni blanketi, maana mzee hupoa upesi. Pete na bangili zitoke kabla vidole havijafura.

Kisha pima kwa kiganja chake mwenyewe, pamoja na vidole: hicho ni kama asilimia 1 ya mwili. Wekundu mtupu usiuhesabu. Ikipita asilimia 10, ni dripu na rufaa ya hospitali kubwa.

Hapo kwenye dripu ndipo tunapowapoteza. Hesabu ni mililita 2, mara kilo zake, mara asilimia iliyoungua. Bibi wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 apate mililita 2,400 za Ringer laktati, maji ya dripu yenye chumvichumvi, kwa saa 24. Nusu yake, 1,200, iishe katika saa 8 za mwanzo, na hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, si alipofika kituoni kwako. Ikiwa 2 kati ya hizo 8 zimeishia foleni ya feri, zimebaki 6: mililita 200 kwa saa. Tena hiyo ni ya kuanzia tu. Mwekee mpira wa mkojo. Unataka kama mililita 30 kwa saa. Mkojo ukipungua, ongeza kidogo kidogo. Ukizidi 50, punguza. Akianza kuhema na kukataa kulala chali, maji yameshaingia mapafuni, moyo umeelemewa.

Kwa maumivu makali, mofini ni ya mshipa, miligramu 1 au 2, kisha ungoje ukimtazama anavyopumua. Diklofenaki, ile dawa nyingine ya maumivu, usimpe kabisa, itamwua figo. Sindano ya pepopunda usiisahau.

Na tafadhali, uliza kwa nini aliungua. Aliyeangukia jiko huenda sukari ilishuka, au ni kiharusi. Pima sukari kabla hujafunga jeraha.

Kwa safari, mfunge kitambaa safi kikavu bila krimu, ng'ambo wapate kuliona jeraha. Saa aliyoungua, maji yaliyoingia, mkojo uliotoka: yaandike, karatasi uifunge kwenye mkono usioungua.

Nduguyo,
Zuhura