Stendi ya maiki msiinunue kwa chenji iliyobaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya kuwaelekeza vijana namna ya kufungua studio ndogo nyumbani. Makala ilikuwa nzuri, nimeikata na kuibandika ukutani. Maiki imetajwa, kompyuta imetajwa, hata magodoro ya kuzuia mwangwi yametajwa. Stendi ya kushikia hiyo maiki haikupata hata mstari mmoja. Mimi stendi imenitia hasara, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni mwalimu wa kaswida hapa Mikindani. Studio yangu ni chumba alichokuwa analala binti yangu kabla hajaolewa, kina dirisha moja linalotazama bahari, na tunarekodi baada ya Isha, bodaboda zikishapungua barabarani. Wanafunzi ni tisa. Mdogo kabisa ana miaka 7, mkubwa ana 16 na ni mrefu kama mnazi. Kwa hiyo stendi yangu hupandishwa na kushushwa kila mara.

Maiki nililetewa na mdogo wangu kutoka Dar es Salaam. Stendi nikanunua mwenyewe, duka moja mjini Mtwara, shilingi 35,000. Nyeusi, inang'aa, miguu mitatu ya kukunja na juu mkono mrefu wa kulaza, ambao mwisho wake ndio unaoshika maiki, na boksi lake lilijisifu kwa Kiingereza kwamba ni ya kazi nzito. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii unaibeba kwa kidole kimoja." Nami nikafurahi! Mwenye akili angeshtuka palepale. Nilikuja kuipima baadaye kwenye mizani ya muuza mchele: kilo moja na nusu, pamoja na mkono wake.

Mwezi wa kwanza ilitulia. Wa pili ikaanza kusinzia. Unakaza skrubu ya kiungo kinachoushika ule mkono, watoto wanaanza, wakifika ubeti wa tatu maiki imeshafika vifuani, taratibu, kama mzee aliyeshiba anaposikiliza hotuba ya Ijumaa. Nikawa nakaza kwa koleo. Mwanangu wa kiume, kwa nia njema, akatia mafuta ya cherehani kwenye kiungo "kilainike". Jamani! Kiungo kile kinashika kwa msuguano, ukikipaka mafuta umekiambia kiteleze. Usiku huohuo, katikati ya kaswida ya maulidi, kikalia "ta", mkono ukaanguka na maiki ikapiga sakafu ya saruji. Tangu siku hiyo inatoa sauti ya mtu anayekwaruza sufuria.

Asubuhi nikakifungua kile kiungo. Nje kimepakwa rangi ya chuma. Ndani ni plastiki tupu, na bolti ya chuma imeshatafuna meno yote. Kutoka tundu la bolti hadi ukingoni kulikuwa na ufa mweupe, kama wa ndoo iliyokaa juani miaka miwili. Miguu yote mitatu ilikuwa mizima, haina hata mkwaruzo. Kumbe mtu unaangalia miguu dukani wakati ugonjwa uko shingoni.

Mume wangu ni mvuvi, na ndiye aliyenifungua macho bila kukusudia. Alikuwa amesimama mlangoni na changu wa kama kilo moja, akaninyooshea mkono nimpokee, nami nikawa nahangaika na beseni. "Pokea basi, mkono unaniuma." Samaki yuleyule alitoka naye ufukweni akiwa amemkumbatia kifuani na hakulalamika. Ndivyo ilivyo maiki kwenye mkono wa kulaza. Shure SM58, ile maiki ya kushika mkononi inayojulikana tangu mwaka 1966, ina gramu 298 tu. Lakini itundike mwisho wa mkono wa sentimita 70, kiungo kinabeba mzigo mwingine kabisa. Ukichukua SM7B wanayoipenda watangazaji, yenye gramu zaidi ya 700, hiyo stendi yangu ya kidole kimoja ingelala siku ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa asiye na pesa ya kuchezea, na najua wapo watakaonibishia: achana na mkono. Anayeimba amesimama, au anayesoma utenzi amekaa kwenye kiti, anahitaji fimbo iliyonyooka, yenye kitako kizito cha duara. Kila kiungo unachokiondoa ni kimoja kisichoweza kukatika. Mpiga gitaa anayeimba hapohapo, sawa, yeye mkono hawezi kuukwepa, ila auelekeze juu ya mguu mmojawapo wa stendi, asiuache uning'inie katikati ya miguu miwili, maana upande huo ndiko inakoangukia. Na dukani afungue kiungo atazame ndani. Muuzaji akikataa, aage.

Ile mikono ya springi ya kubana mezani nayo niliijaribu kwa jirani. Mtoto akigusa meza kwa kiwiko, maiki inasikia "du". Wanafunzi wangu na dufu lao wangeivunja meza yenyewe.

Mimi pesa ya stendi nyingine sikuwa nayo, korosho zetu zilikuwa bado mtini. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea kule Magomeni na diski ya breki iliyochakaa niliyopewa bure gereji. Nilidhani ataichomelea bomba tu pale katikati. Akaigonga kwa nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Hiki chuma cha kusubu, mama. Nikikitia moto kitapasuka." Akachomelea bomba kwenye bamba la chuma cha kawaida, akalitoboa matundu manne, akalifunga kwa bolti kwenye matundu yaleyale ya diski yanayofungwa kwenye gari. Ubavuni mwa bomba, karibu na juu, akachomelea nati na kutia skrubu ya masikio. Fimbo ya juu tuliichukua kwenye ile stendi iliyokufa, kwa kuwa ina meno ya kufungia kishikio cha maiki. Inaingia ndani ya bomba, unaipandisha, unaikaza kwa vidole. Nilimlipa shilingi 12,000. Kitako kina kilo sita, na mtoto wa miaka 7 akikiegemea, anayeyumba ni yeye.

Hayo meno ya juu yaangalieni kabla hamjalipa. Yapo ya aina mbili: ya inchi 5/8, yaliyozoeleka Marekani, na membamba ya 3/8 yanayopatikana sana kwenye vifaa vya Ulaya. Kishikio cha maiki mara nyingi huwa na kipete kidogo cha shaba ndani, cha kuoanisha hizo mbili. Watu hukitupa wakidhani ni uchafu wa kiwandani. Changu nimekifunga kwenye kitambaa pamoja na hereni zangu.

Chini ya diski nimebandika kwa gundi vipande vya kandambili kuukuu, mishindo ya nyayo haipandi tena kwenye maiki. Kutu ndiyo vita ninayoendelea nayo. Upepo wa bahari hapa hauchagui, hata sindano zangu unazila. Bomba nalifuta kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa, na meno ya juu nayagusa kwa grisi kidogo. Sehemu ya kukazia siigusi, hilo nimeshalipia ada.

Ombi langu, Mhariri: mkirudia makala ile, muulizeni mwandishi wenu anaiweka maiki yake juu ya nini. Na wenye maduka wa mjini, ruhusuni mteja aifunge stendi pale dukani, aiwekee kitu cha uzito wa maiki, hata pakiti ya chumvi, kisha aiache imesimama wakati mnahesabiana pesa. Ile yangu nadhani isingefika hata kwenye kuandikiwa risiti.

Mwalimu wa kaswida,
Mikindani, Mtwara.